Korongo Mwenye Kitovu

Fundi saa wa hadithi hii alikuwa na mihuri miwili mezani pake. Mmoja uliandikwa HALISI, mwingine BANDIA. Wa BANDIA ulikuwa umetumika hadi mpini ukang'aa. Wa HALISI bado ulinuka raba mpya, maana mzee huyu hakuwa mwepesi wa kusifu kitu.

Mihuri hiyo haikuhusu saa. Saa alizitengeneza wiki nzima, mgongo umepinda, lenzi jichoni. Jumamosi alasiri ndipo saa ziliposukumwa pembeni na duka likageuka mahakama. Walikuja watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, kila mmoja na bati kwapani limefungwa kwa gazeti: matangazo ya zamani ya chai, ya mafuta ya taa, ya betri, ya dawa ya mafua, vile vibao vya enameli vilivyopigiliwa kwenye kuta za maduka enzi za wazazi wao. Enameli yenyewe ni ile ile ya mabakuli na mabirika ya zamani, ngumu, yenye kung'aa, ikigongwa inabanduka na kuacha doa jeusi. Watu hawa walivipenda vibao hivyo kuliko walivyowapenda baadhi ya ndugu zao. Na kwa kuwa matapeli nao walikuwa wamelinusa pendo hilo, alihitajika mtu wa kusema kipi cha kweli na kipi kimetengenezwa juzi. Mtu huyo alikuwa yeye. Walimwita Hakimu, na jina lilimkaa vizuri, tena alilivaa hata nyumbani.

Sifa zake zote zilisimama juu ya kibao kimoja: Korongo.

Korongo ilikuwa sabuni ya kufulia, ya zamani, ambayo kiwanda chake kilikufa kitambo. Kibao chake kilikuwa cha buluu, katikati ndege mweupe mwenye miguu mirefu amesimama mguu mmoja ndani ya beseni la povu, na chini maneno: KORONGO, NGUO ING'AE. Baba yake Hakimu alikuwa na duka dogo, na kibao hicho kilikuwa ukutani nyuma ya kaunta. Hapo ndipo Hakimu alipojifunza kuhesabu kabla hajaanza shule. Baba alimnyanyua, naye akagusa kwa kidole matundu ya misumari: pembe hii moja, ile mbili, tatu, nne, na la tano pale tumboni kwa ndege. Mama yake naye hakukosa kudakia kutoka upande wa pili wa kaunta: "Nawa mikono kwanza, hiyo ni sabuni." Baba alipofariki duka liliuzwa pamoja na kila kilichokuwa ndani. Hakimu alikuwa mbali akijifunza kazi ya saa, na aliporudi kibao kilikuwa kimekwenda na maji. Alikitafuta miaka thelathini.

Katika kukitafuta ndipo alipotoa kanuni. Korongo halisi, alisema, ana matundu matano: manne ya pembeni na moja la tumboni, ambalo alilipa jina la kitovu. Aliandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, na kwenye ukurasa wa nne akaeleza kwamba kiwanda kilitoboa kitovu ili upepo upite na bati lisipige kelele ukutani. Hilo la upepo alilitunga mwenyewe akinywa chai, lakini lilipotoka likiwa limechapwa lilionekana la kweli hata machoni pake. Tangu hapo kila Korongo mwenye matundu manne alipigwa BANDIA bila mjadala. Na Korongo wenye vitovu, ambao awali hawakuonekana popote, wakaanza kupatikana, kwanza mmoja, baadaye wawili wawili, karibu wote kupitia kwa dalali mmoja mchangamfu aliyekuwa amenunua nakala sita za kile kijitabu. Hakimu alifurahi kumpata dalali anayependa kusoma.

Yeye mwenyewe aliletewa wake miaka minne iliyopita. Alipotia lenzi jichoni na kukiona kitovu, cha mviringo, kimetulia katikati ya tumbo, machozi yalimtoka mbele ya wateja. Alikata kauli papo hapo kwamba hicho ndicho cha baba yake, akakitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya harusi. Wiki hiyo hiyo mkewe alikipangusa vumbi kwa kitambaa cha maji.

"Mume wangu, hiki kibao kinatoa rangi. Ona kitambaa."

"Ni umri," alisema Hakimu. "Vitu vya zamani hutoa jasho."

Mkewe alikitazama kitambaa cha buluu, akamtazama mumewe, akarudi jikoni. Alikuwa ameolewa miaka thelathini na minne na alijua ugomvi upi una faida.

Jumamosi tunayoizungumzia, kati ya wale wanaume wanane wa kila wiki aliingia mwanamke mmoja, msusi mwenye saluni mtaa wa pili. Hakuwa mkusanyaji. Alipopanga chumba cha saluni alikuta kwenye stoo bati limeziba tundu la ukuta, akaliosha, akaona ndege, na mteja mmoja akamwambia kuna mzee anajua mambo hayo. Akalileta limefungwa kwa taulo.

Hakimu alitia lenzi jichoni. Rangi hakuitazama, wala uzito hakuupima. Alikwenda moja kwa moja tumboni. Akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyemkamata mwizi juu ya ukuta.

"Mwalimu, hebu njoo uone. Kitovu cha pembe nne."

Mmoja wa wale wanane, mwalimu wa shule, akainama, akaona. Tundu halikuwa la mviringo. Lilikuwa na pembe nne, limekaa upande, na enameli pembeni yake ilikuwa imebanduka vibaya.

"Hapa mtu kachukua msumari akagonga," alisema Hakimu. "Kasikia habari za kitovu, basi naye akaona atengeneze chake."

"Tena hakikukaa kitovuni," alisema Daktari wa Meno, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kundi. "Huyu ndege kitovu anacho mbavuni."

Walicheka wote wanane, mmoja wao akaegemea kabati la saa mpaka saa zikagongana. Mhuri wa BANDIA ukashuka juu ya cheti. Msusi hakucheka.

"Kwa hiyo hakifai?"

"Kufaa kinafaa, dada yangu," alisema Hakimu. "Kafunikie pipa."

Wakacheka upya. Msusi alikunja cheti mara mbili akakitia kwenye mkoba, akalifunga bati lake kwa taulo, na kabla hajatoka akawapitishia macho mmoja mmoja, midomo ikimcheza kama mtu anayehesabu.

Ijumaa iliyofuata mama yake Hakimu aliwasili. Kwa miaka mingi alikuwa akiishi na binti yake, mji wa mbali, na sasa alikuja kukaa kwa mwanawe wa kiume. Alikuwa na miaka themanini na sita, sanduku moja, furushi moja, na masikio yaliyosikia alichotaka kusikia.

"Nilisikia unakusanya mabati," alimwambia mwanawe mlangoni, "nikajua unajenga."

Hakimu alikuwa ameipangia siku hiyo tangu mwezi uliopita. Jumamosi alasiri kundi zima lingekuja nyumbani badala ya dukani, kila mmoja na Korongo wake, na Mama angeketi katikati na kushuhudia kwa kinywa chake kwamba kile cha sebuleni ndicho kilichokuwa dukani kwa marehemu. Alikuwa hata amekifunika kwa shuka ili kifunuliwe kwa heshima. Lakini Jumamosi asubuhi, baada ya chai, uvumilivu ulimwishia. Alimshika Mama mkono, akamsimamisha mbele ya ukuta, akavuta shuka.

Mama alikitazama.

"Kizuri," alisema. "Kinafanana na chetu."

"Hakifanani, Mama. Ndicho chenyewe."

"Sicho."

Hakimu alicheka kidogo, kicheko cha upole cha mtoto anayemvumilia mzazi. "Mama, hebu yahesabu matundu."

Mama alisogea, akaweka kidole tumboni kwa ndege. "Hili nani kalitoboa?"

"Limetobolewa kiwandani. Hicho ni kitovu. Korongo wote wa kweli wana kitovu."

"Ndege anatoka kwenye yai, baba. Kitovu kakipata wapi?"

Huko jikoni mwiko ulianguka. Mkewe Hakimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, khanga mdomoni, mabega yakimtetemeka.  Kijitabu kilikuwa kimesomwa na daktari, na mwalimu, na mhasibu, na watu wengine wenye miwani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Lile tundu nililitoboa mimi," aliendelea Mama, akitafuta kiti. "Zamani sabuni ilikuja mche mrefu, tunaukata vipande kwa waya. Na baba yako, Mungu amrehemu, waya aliuacha popote: kwenye gunia la sukari, mfukoni mwake, mpaka siku moja tukaukuta chooni. Nikachoka. Nikachukua msumari wa mhunzi, nikachukua jiwe la mizani la kilo mbili, nikaugongomelea pale pale tumboni mpaka ukutani, nikautundika waya. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu aliutaka waya, akaukuta mahali pake, akasema nami."

"Msumari wa mhunzi," alisema Hakimu.  "Wa pembe nne."

"Ndiyo iliyokuwapo. Tena ulikwenda upande kidogo kwa sababu wewe ulikuwa unanivuta nguo, unalia, unataka unyanyuliwe uhesabu."

Hakimu aliketi. Alikuwa anaiona ile enameli iliyobanduka, lile tundu la pembe nne lililokaa mbavuni, na alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kafunikie pipa. Kilikuwa mikononi mwake. Kibao alichokitafuta miaka thelathini kililetwa mpaka mezani pake kwa taulo safi, naye akakipiga mhuri na kukifukuza.

"Mke wangu," alisema, "viatu vyangu viko wapi?"

"Kimoja umekivaa," alisema mkewe.

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake wawili walikuwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, wa tatu kichwa kwenye beseni, na msusi mwenyewe katikati ameshika kitana cha moto. Ukutani kulikuwa na saa iliyochelewa dakika ishirini. Kwa kawaida Hakimu asingeweza kuvumilia kuona saa ya namna hiyo, lakini leo hakuiona, kwa kuwa juu ya meza, chali, chini ya vitana vingine viwili vilivyokuwa vinafuka, alikuwa amelala Korongo.

"Mzee wa mihuri," alisema msusi bila kugeuka. "Leo unasukwa?"

"Hapana, dada yangu. Nimepita tu." Alivuta pumzi, maana alikuwa amekimbia mitaa miwili. "Nikakumbuka lile bati lako la bandia. Nilikuwa nalihitaji kidogo. La kufundishia. Ili watu waone bandia inavyokuwa."

"Utalikosa. Saa tisa anakuja fundi wa kuchomelea alikate katikati, niweke nusu huku na nusu kule. Bati zuri sana. Wiki nzima nimelaza vitana vya moto juu yake, halijababuka hata kidogo."

Hakimu alikumbuka kitambaa cha buluu cha mkewe, akahisi masikio yanamwaka. Alisema angemletea bati lingine, jipya, kubwa zaidi. Alisema angemletea mawili. Msusi alikiweka kitana mezani, juu ya shingo ya ndege, akamgeukia.

"Mzee, umekuja unahema. Kifungo cha shati umekosea. Viatu umevaa, kimoja cheusi kimoja cha kahawia. Mtu hakimbilii mfuniko wa pipa namna hiyo."

"Mwambie ukweli, baba," alisema mwanamke aliyekuwa chini ya mashine. "Sisi tuna safari."

Basi akasema. Alisema yote: duka, kuhesabu, waya wa sabuni, jiwe la mizani, kitovu, na yai. Alipofika kwenye yai yule wa kwenye beseni alicheka mpaka maji yakamwingia sikioni. Msusi alisikiliza mikono kiunoni. Hakimu alipomaliza alitegemea atapewa bati na pengine kiti, lakini hakupewa hata kimoja.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo nyumbani."

"Mama yako namheshimu. Lakini wewe, mzee, siku ile mlinicheka. Na si wewe peke yako. Walikuwa wanane na wewe wa tisa. Niliwahesabu. Unataka kibao?"

"Nakitaka."

"Haya uliyonieleza mimi, waeleze wale wanane, mimi nikiwapo. Fundi nitamwambia angoje mpaka saa kumi. Ukinyamaza, narudi nacho hapa na kinakatwa."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Hakimu alitafuta mlango wa nyuma na hakuuona. Kuwaambia wale wanane kwamba ukurasa wa nne aliutunga akinywa chai ilikuwa kuwaambia kwamba kila Korongo waliyekuwa naye nyumbani, mwenye cheti chake cha HALISI, alitengenezwa na mtu aliyesoma kijitabu. Wangemwita nini baada ya hapo? Fundi saa. Nalo lilikuwa jina la heshima, alilolitumia miaka arobaini, lakini alikuwa amezoea lile lingine.

Saa nane na nusu sebule ilijaa. Walikuja wote wanane, na Korongo wanane wenye vitovu wakapangwa wameegemea ukuta, pamoja na cha Hakimu wakawa tisa, wote wamesimama mguu mmoja. Mama alikuwa kwenye kiti kikubwa, furushi lake mapajani. Msusi alikaa karibu na mlango, bati lake ndani ya taulo, kimya. Daktari wa Meno alisimama, akakohoa, akasema kwamba kabla ya yote kundi lina zawadi. Akafungua gazeti. Kilikuwa kibao kipya kabisa, cha buluu, chenye maandishi meupe: HAKIMU WA MABATI, MAISHA YOTE.

Walipiga makofi. Hakimu alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa na kitovu. Alimtazama msusi, naye msusi akatazama saa ya ukutani, ambayo katika nyumba hii ilikwenda sawasawa. Ningependa kukwambia kwamba hakusita, lakini alisita sana. Alikaa na lile bati mikononi mpaka makofi yakaisha na watu wakaanza kutazamana. Kisha alijikaza kisabuni.

"Kitovu ni uongo," alisema.

Aliwaambia. Hakupunguza kitu, wala hakumsingizia dalali, ingawa dalali alistahili fungu lake. Alisema yule dada pale mlangoni alileta kitu cha kweli naye akamcheka, na wao wakamcheka kwa sababu yeye alianza. Alimwomba radhi mbele yao. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa tayari kucheka, aligundua kwamba hataki tena kucheka.

 Daktari wa Meno akatabasamu.

"Hakimu anatupima," alisema. "Anataka kuona kama tumesoma. Ukurasa wa nne: tundu la upepo."

"Ukurasa wa nne niliutunga mimi."

"Ndiyo maana tunauamini."

"Nimekwambia niliutunga. Hakuna kiwanda kilichonieleza. Nilikuwa na kikombe cha chai."

"Unyenyekevu," alisema Mhasibu, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja aliuliza kwa adabu kama Hakimu alikuwa amelala vizuri. Mwingine alisema, kwa heshima zote kwa bibi yetu, kwamba umri ukienda kumbukumbu huchanganyika, na miaka sitini si mchezo.

Masikio ya Mama yalichagua kulisikia hilo.

 Alifungua furushi lake, akatoa kitenge, ndani ya kitenge kopo la chai, na ndani ya kopo akatoa waya mwembamba wenye vipande viwili vya mti kwenye ncha zake. Ulikuwa umezungushwa juu ya msumari mnene, mweusi, wa pembe nne.

"Duka lilipouzwa waliniambia kila kitu kinabaki," alisema. "Huu niliung'oa. Haukuwa wa duka, ulikuwa wangu. Haya, leteni ndege wenu."

Walisita, lakini mama wa watu wa miaka themanini na sita akikunyooshea msumari huna budi. Walipita mmoja mmoja, kila mtu na Korongo wake kifuani. Mama aliuelekeza msumari kwenye kitovu cha wa kwanza, ukagota, haukuingia. Kwa Daktari wa Meno ukagota. Kwa Mhasibu ukagota, na ncha yake ikakwaruza rangi pembeni ya tundu ikatoka kama ngozi ya kitunguu, chini bati jeupe kabisa, jipya. Cha sebuleni Hakimu alikileta mwenyewe, wa mwisho kwenye mstari, nacho pia ukagota.

Ndipo msusi alipoinuka, akafungua taulo, akakilaza kibao chake mapajani kwa Mama. Mama hakuangalia hata. Alipapasa kwa kidole, akapata mahali, akauweka msumari, nao ukaingia ukakaa. Alijaribu kuuzungusha na haukuzunguka.

"Huyu," alisema Mama. "Mbona ana masizi shingoni?"

"Ni vitana vyangu, bibi," alisema msusi. "Nisamehe."

"Yatatoka kwa sabuni."

 Kisha Mwalimu, ambaye muda wote alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu ngumu, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo yale yaliyotoka kiwandani yalikuwa na matundu mangapi?"

"Manne," alisema Hakimu.

"Mimi nilikuletea mmoja wa matundu manne. Mwaka juzi."

"Najua. Nilimpiga mhuri. Nisamehe, Mwalimu. Yuko wapi?"

"Ndio mlango wa banda la kuku," alisema Mwalimu, na alipokuwa anasema hivyo alikuwa ameshafika nje. Walimwona dirishani akipita mbio, koti linapepea, na baada yake alitoka Mhasibu, ambaye wa kwake alikuwa amemtumia kuzibia paa la gereji. Wengine walibaki wakitazama vyeti vyao. Daktari wa Meno alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimchukua Korongo wake kwapani, akasimama mlangoni.

"Mimi bado naona upepo una maana," alisema, akaenda zake.

Hakimu alivuta droo, akatoa karatasi safi na mhuri wa HALISI aliokuwa ameuleta kutoka dukani, akamgeukia msusi.  "Niruhusu nikuandikie upya."

"Usinipigie mhuri, mzee. Mihuri yako naijua." Alitoa kwenye mkoba kile cheti cha kwanza, kilichokunjwa mara mbili, akakilaza juu ya meza. "Hiki ndicho nitakachokitundika saluni. Kwenye fremu. Wateja wameshakiulizia. Na kibao simpi Hakimu, nampa huyu bibi. Wewe utanipa kazi yako. Ile saa yangu inachelewa dakika ishirini, na ukiitengeneza uwe unakuja kuiangalia kila mwezi mpaka mmoja wetu achoke."

"Nitaitengeneza," alisema.

"Jumatatu. Njoo na viatu vinavyofanana."

Mkewe alisindikiza mgeni, na aliporudi alikuwa amebeba picha ya harusi. Aliiegemeza kwenye ukuta pale palipokuwa wazi. Hakimu alichukua nyundo akaitundika.

Kibao cha baba hakikukaa sebuleni. Mama alikataa. Alisema sabuni mahali pake ni penye maji, akaamuru kipigiliwe jikoni juu ya karo. Hakimu alitafuta skrubu za shaba na vipande vya mpira vya kuweka chini ya pembe, kama alivyoshauri kwenye ukurasa wa tisa, na alipokuwa anavikata vizuri kwa mkasi wa kazini alisikia ngo, ngo, ngo. Mama alikuwa amepanda juu ya kigoda, mke wa Hakimu amemshika kiuno, na kwa jiwe la kusagia alikuwa anaugongomelea msumari wa mhunzi tumboni kwa ndege. Kipande kimoja zaidi cha enameli kiliruka kikaangukia kwenye karo. Hakimu aliinua mkono kuzuia, akaushusha. Mama akautundika waya wake, akashuka, akafuta mikono.

Walipokwisha kwenda kupumzika, Hakimu alibaki peke yake jikoni. Lenzi ilikuwa mfukoni, hakuitoa. Alisogea karibu, akanyoosha kidole kwenye pembe ya kwanza, halafu ya pili. Midomo ilikuwa inamcheza bila yeye kujua. Tatu. Nne. Kidole kilikuwa kinashuka kuelekea tumboni kwa ndege sauti ilipotoka chumba cha pili, ya mtu aliyedhaniwa amelala.

"Umenawa mikono?"

Hakimu aliitazama mikono yake, imejaa kutu na rangi ya buluu ya kile cha bandia. Akafungua bomba.